Kabla ya kupeperusha ile bendera, tuangalie kura ya Sudan

Vijana wenzangu,

Kila mara tukitoka barabarani kudai amani, hakukosi mwenye anakuja na bendera ya Urusi. Ukimuuliza, anakujibu: "Bale njo banaume. Bazungu ba Ulaya banatudanganya tu." Hasira yake naielewa. Niko na diploma ya chuo kikuu, kazi sina, na nimepitisha usiku mwingi nikisikiliza mabombi huku mataifa makubwa yanatoa matangazo ya "wasiwasi". Lakini hasira isituondolee akili. Tuangalie matendo.

Tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2023, Urusi ilipeleka kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa azimio la kusimamisha mapigano Gaza. Halikupata kura za kutosha. Wengi wetu tulisema: angalau kuna mwenye anajali.

Kiisha, tarehe 18 mwezi wa 11 mwaka 2024, ikafika zamu ya Sudan. Hii ni Afrika yetu, na vita yake ilikuwa imeshafukuza watu zaidi ya milioni 10 makwao. Nchi 14 kati ya 15 zilikubali azimio la kutaka mapigano yasimame. China ilikubali. Algeria, Msumbiji na Sierra Leone, nchi tatu za Afrika zenye zilikuwa mule, zote zilikubali. Mkono mmoja tu ulikataa: Urusi, kwa veto. Sababu yao? Eti azimio linaiweka pembeni serikali ya Sudan.

Na Ukraine je? Tarehe 14 mwezi wa 6 mwaka 2024, Raisi Putin alisema atasimamisha mapigano mara moja kama Ukraine inatoa askari wake kwenye majimbo manne mazima na kuachana na NATO. Ndani ya hayo majimbo kuna miji ya Kherson na Zaporizhzhia, yenye jeshi lake halikuwa nayo. Ni kama mtu ameshika sebule yako kwa nguvu, anakuambia ataacha kukupiga ukimpa na vyumba vya kulala.

Gaza ndiyo, Sudan hapana, Ukraine bado. Unaweza kufikiri wanajichanganya. Hapana, kipimo ni kimoja. Kwa utawala wa mabavu wenye unajifunika uzalendo, raia si wa kwanza. Wa kwanza ni dola na ramani yake. Mwaka 2021 Putin aliandika kwamba Warusi na Waukraine ni watu wamoja. Ukishaamini jirani yako si taifa la kweli, kusimamisha vita unaona ni kushindwa. Na vita ya mbali unaiangalia vilevile: ikisimama, itamsumbua adui yangu? Nakubali. Itamgusa rafiki yangu mwenye madaraka? Nakataa, na ninaita "uhuru wa nchi".

Msiniambie nimenunuliwa na Wamarekani. Tarehe 8 mwezi wa 12 mwaka 2023 wao pia walipiga veto juu ya Gaza, na ilikuwa aibu. Lakini wewe mwenye unaandamana, jiulize ungekuwa wapi kule Moscow. Aleksei Gorinov, diwani wa mji ule, alihukumiwa miaka 7 mwaka 2022. Kosa lake? Alisema kwenye kikao kwamba haifai kufanya mashindano ya michoro ya watoto wakati watoto wanakufa vitani.

Sisi wa Kivu haya tunayajua. Mwaka 2025 M23 walitangaza kusimamisha mapigano kuanzia tarehe 4 mwezi wa 2. Kesho yake Nyabibwe ikaanguka. Na upande mwingine, mwenye anaomba mazungumzo anaitwa msaliti. Lugha ni ileile: nchi kwanza, watu kiisha.

Kwa hiyo, mtu akituletea neno la kusimamisha mapigano, iwe Khartoum, Kyiv ao hapa kwetu, tusiulize kwanza limetoka kwa nani. Tuulize: nani anarudi nyuma? Nani anasimamia? Barabara ya chakula na dawa inafunguka lini? Mama mwenye yuko kambini anapata nini?

Mwenye hana jibu, hata abebe bendera gani, anatafuta tu muda wa kujaza risasi. Na tukitoka tena barabarani, ya kwetu inatosha.