Video za Watoto na Suala la Ngeli

Aghalabu mzazi wa siku hizi humkabidhi mwanawe simu, naye mtoto akatulizwa na video ya kufunza rangi na hesabu. Si jambo baya. Kipindi cha Akili and Me, kilichoanzishwa na Ubongo ya Dar es Salaam mwaka 2016, kimedhihirisha kuwa malezi ya skrini yanaweza kutungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Hata hivyo, video nyingi hufuata mpangilio wa Kiingereza: duara laonyeshwa, sauti yatamka “nyekundu”, ikaishia hapo. Kwa Kiingereza yatosha, kwani neno la rangi halibadiliki. Katika Kiswahili ua ni jekundu, kijiko ni chekundu, na vijiko vikihesabiwa huwa viwili, vitatu. Mtoto aliyekariri orodha hukua akisema “kijiko nyekundu”, kosa ambalo walimu hulisahihisha hadi kidato cha nne (na wengine, tuseme kweli, hadi chuo kikuu).

Fauka ya hayo, video haijibu. Mwaka 2003, Patricia Kuhl na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa Kimarekani wa miezi 9 waliosikizwa Kichina. Waliozungumziwa ana kwa ana walijifunza kupambanua sauti zake. Waliotazama kanda hawakujifunza. Nyanya anayeagiza “niletee kile kijiko chekundu” hufunza ngeli pasi na kuitaja, na mjukuu akileta kikombe, hurudishwa jikoni papo hapo. Watayarishaji wangeanzia kwenye sentensi ya nyanya huyo.