Banda Kwanza, Ndege Baadaye



Juma hili Halmashauri ya Walei ya parokia yetu ilikaa kwa saa tatu na nusu ikijadili jambo ambalo hatukupata kulisoma seminarini: je, parokia impe kijana mmoja wa kigango chetu kiwanja na nguzo za kujengea banda la kuhifadhia ndege anayoiunda kwa mikono yake? Kijana huyo ni fundi wa kuchomelea vyuma. Ameuza ng'ombe wawili wa mama yake, kwa ridhaa ya mama huyo, ili anunue plaiwudi, gundi na mabomba ya kiunzi. Baadhi ya wajumbe walicheka. Sisi hatukucheka, kwa maana tuna deni kwake, na deni lenyewe tutalieleza.

Mwaka jana alituomba mahali pa kuweka kazi yake, nasi tukamwonyesha upenu ulio nyuma ya ghala la mahindi, tukamwambia afunike kwa turubai. Tulidhani tumetenda wema. Anayeishi nyanda hizi za Mbulu anaujua upepo wa kiangazi utokao mashariki. Usiku mmoja uliichana turubai ile vipande vipande, na mvua za kwanza zilipofika, mbavu za bawa moja zilikwisha kuachana na gundi yake. Kazi ya miezi minane ikaharibika kwa sababu paroko alitoa upenu mahali palipohitaji banda.

Ndugu msomaji, ndege nyepesi huharibikia chini mara nyingi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Tarehe 17 Desemba 1903, ndugu wawili Wright wa Marekani waliruka mara nne kwenye mchanga wa Kitty Hawk, na safari ndefu kuliko zote ilichukua sekunde 59. Baada ya hapo chombo kilikuwa kimetulia ardhini, watu wakizungumza, upepo ukakipindua na kukivunja, nacho hakikuruka tena. Na hao walikuwa na mabanda mawili pale pale kambini! Walijua, tangu mwaka 1901 walipojenga la kwanza, kwamba anayetengeneza mbawa hana budi kutengeneza pia mahali pa kuzificha.

Katika mkutano, mzee mmoja aliyekuwa katekista kwa miaka mingi alisimama akasema, "Baba Paroko, mahindi ya wakulima yanaota ukungu, nawe unatafuta bati za eropleni?" Kisha akatukumbusha yule tajiri wa Injili ya Luka aliyetaka kujenga ghala kubwa zaidi. Hoja yake ni nzito, nasi tunamheshimu. Lakini tajiri yule alikuwa na mavuno tele na hakutaka kumgawia mtu. Kijana wetu ana bawa moja na nusu. Na ukungu wa mahindi unatoka sakafuni, kwa sababu ghala letu lilijengwa pasipo kuinuliwa. Kosa hilo hilo tusilirudie.

Basi tuseme waziwazi maoni yetu. Banda lijengwe, lakini lipangwe. Mbawa za ndege ndogo ya mtu mmoja au wawili hufika mita 7 hadi 9 kutoka ncha hadi ncha, na mlango wa gereji yetu haufiki mita 4. Ama mlango uwe mpana kuliko mbawa, ama mbawa ziundwe za kufunguliwa na kulazwa ubavuni; jambo hilo liamuliwe kabla nguzo ya kwanza haijasimama, maana wapo mafundi ulimwenguni waliomaliza kazi yao ndipo wakagundua kwamba haitoki nje. Mgongo wa banda uelekee mashariki na mlango magharibi. Kenchi zifungwe kwa vyuma hadi kwenye msingi, kwa kuwa upepo ukiingia ndani hulisukuma paa kutoka chini. Petroli isilale humo kamwe. Nguzo zipakwe dawa ya mchwa, na nyaya zilindwe na panya, ambao katika parokia hii hawajapata kukosa riziki.

Wazee wetu Wairaqw walijenga tembe zilizoingia ubavuni mwa kilima, paa la udongo likiwa bapa, na upepo ukapita juu bila kupata mahali pa kushika. Tunatamani kuiga hekima hiyo, lakini kwa sehemu tu. Tangu tarehe 3 Desemba 2023, maji na tope viliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuua zaidi ya watu 80 katika Katesh na vijiji vya jirani, hatuwezi tena kuchimba mteremko wowote bila kuuliza kwanza maji yatapita wapi. Mfereji uchimbwe kabla ya msingi.

Wapo wanaosema haya si mambo ya watu wa huku. Mbona Haydom, katika wilaya hii hii ya Mbulu, ndege ndogo zimekuwa zikitua kwa ajili ya hospitali na wagonjwa? Mbona kule Basotu mashamba ya ngano yalipoanzishwa kwa msaada wa Kanada hatukuona ajabu mashine kubwa kuletwa na kutunzwa? (Ndugu zetu Wabarabaig waliopoteza malisho yao wana neno jingine juu ya mashamba yale, na ni la haki.) Mwaka 2011 Chris Nsamba wa Uganda alikuwa akiunda ndege uani kwa mama yake mjini Kampala. Ua wa mama ni mahali pema pa kuanzia, ila hauna paa.

Lipo sharti moja ambalo hatutalilegeza. Ndege hiyo haitainuka hata mita moja pasipo kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Tumemwambia kijana hivyo mbele ya mama yake, naye akaitikia, ingawa kwa sauti ndogo. Inawezekana kabisa kwamba haitaruka kamwe. Siku hiyo ikifika, banda lenye sakafu iliyoinuliwa na paa lililofungwa vema litapokea magunia ya mahindi, na hapo ndipo mzee wetu katekista alipoketi, akafikiri kidogo, akauliza sakafu itainuliwa kiasi gani.

Tukamjibu sentimita 40. Akasema ziwe 60, naye atatoa mikaratusi kumi na miwili kutoka shambani kwake. Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi tutapima kiwanja. Mwenye kamba ndefu na aje nayo.