Mshipa au Kivuko? Maoni Kuhusu Istilahi za Usikivu wa Chura

1.0 Utangulizi

Mvua zinyeshapo katika nyanda za juu za Mbulu, kandokando ya ziwa Tlawi na katika mabonde ya msitu wa Nou, vyura dume huanza kuita. Huko Hanang, kwenye kingo za ziwa Basotu, mambo ni yale yale. Mwito huo hauna faida pasipo jike wa kuusikia. Je, huusikiaje? Swali hilo ni la mwanabiolojia, lakini namna ya kulijibu kwa Kiswahili ni swali letu sisi wanaisimu. Maoni yetu ni kwamba istilahi "mshipa wa fahamu" inaficha jambo la msingi katika usikivu, na kwamba ufichaji huo unaweza kumgharimu mgonjwa.

2.0 Yatendekayo Sikioni

Ndani ya sikio la chura mna seli za hisi, kila moja ikiwa na kishungi cha vijiti vyembamba mno. Sauti ikikitikisa kishungi, vitundu vidogo hufunguka na ioni za potasiamu huingia selini. Hali ya umeme ya seli hubadilika, na ioni za kalsiamu nazo huingia. Ndipo vifuko vilivyo karibu na utando wa seli humwaga nje kemikali iitwayo glutameti. Neva haikuungana na seli hiyo. Kati yao pana mwanya wa takriban nanomita 20, yaani sehemu 20 za milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Glutameti huuvuka mwanya huo na kupokelewa na vipokezi vya neva, nayo neva hupeleka habari ubongoni. Ubongo nao huweza kujibu: nyuzi nyingine za neva humwaga asetilikolini juu ya seli za hisi, na aghalabu huzituliza.

Amfibia wamechangia sana elimu hii. Mwaka 1977 Hudspeth na Corey walionyesha, kwa kutumia seli za chura mkubwa wa Marekani, jinsi mtikisiko wa kishungi unavyogeuzwa kuwa umeme. Vyura wa jenasi ya Xenopus, ambao baadhi ya spishi zao huishi Afrika Mashariki, wametumika pia, kwa kuwa hata wakiwa wazima hubaki na seli za namna hii ngozini za kuhisia mwendo wa maji.

3.0 Udhaifu wa "Mshipa"

Katika Kiswahili neno "mshipa" hubeba damu, fahamu, na hata maradhi ya ngiri. Muktadha humsaidia mzawa wa lugha kutenganisha maana hizo. Lakini Mbulu na Hanang ni mahali wanapokutana wasemaji wa Kiiraqw, Kidatooga, Kihadza na lugha za Kibantu. Kwa wengi wao Kiswahili si lugha ya kwanza. Ni rahisi kwa mwanafunzi wa huko kuuona mshipa kuwa ni bomba lisilokatika kutoka sikioni hadi ubongoni. Katika bomba la namna hiyo mwanya hauna mahali, wala kemikali haina kazi.

Tatizo hili haliishii darasani. Dawa za kundi la streptomaisini na jentamaisini huokoa maisha, lakini huweza kuziua hasa seli zenye vishungi. Chura huweza kuotesha seli mpya za namna hiyo. Binadamu mzima hawezi kuzirudisha zile za kusikilia. Mgonjwa akiambiwa kwamba "mshipa wa sikio umekufa", ameelezwa kasoro mahali pasipo penyewe, kwani huenda neva ingali hai. Tofauti hiyo ni kubwa: kifaa cha kupandikizwa katika koklea huweza kusaidia kwa sababu huiamsha neva moja kwa moja bila kupitia seli zilizokufa.

4.0 Pendekezo

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Hatua inayofuata ni kuzipima istilahi kwa utendaji wa kile zinachokitaja. Kwa hiyo tunapendekeza "neva" itengwe kabisa na "mshipa", na seli hizi ziitwe "seli-kishungi", kwa maana vijiti vyake si nywele.

Ama kuhusu mwanya, wapo watakaosema kwamba "sinapsi" yatosha. Hatuikatai, maana humwunganisha msomi wetu na wenzake duniani. Hata hivyo, neno la mkopo pekee halimfunulii mwanafunzi kitu. Tunapendekeza sinapsi ifafanuliwe kuwa ni "kivuko". Huenda ikadaiwa kwamba kivuko ni neno la pwani. La hasha: kivuko si feri tu, bali ni mahali popote pa kuvukia, na mtu wa Mbulu anayevuka kijito kwenda shambani anakijua vyema. Kivuko kina ng'ambo mbili, kina mvukaji, na chaweza kuharibika upande mmoja huku upande wa pili ukiwa salama. Hayo yote ndiyo yanayotokea sikioni.

Hapana budi, basi, istilahi zetu zijaribiwe bara kama zinavyojaribiwa pwani kabla hazijasanifiwa. Istilahi isiyoeleweka kwa muuguzi na mgonjwa wa Mbulu bado haijakamilika, hata kama imekwisha kuchapwa kamusini.