Fungu la Kumi Haliisafishi Faida

Wafanyabiashara wengi Wakristo huamini kwamba wajibu wao kwa Mungu unaanza hesabu zikishafungwa: faida ipatikane, kisha fungu la kumi litolewe, kanisa liezekwe, yatima wakumbukwe. Utoaji huo ni mwema na siupingi. Lakini Maandiko huanzia mapema zaidi, dukani na shambani kwenyewe. Kumbukumbu la Torati 24 inamtaka mwajiri amlipe kibarua wake siku ileile, kabla jua halijachwa. Walawi 19 inamzuia mwenye shamba kuvuna hadi pembeni, ili maskini na mgeni wapate cha kuokota, na sura hiyohiyo inadai mizani ya haki. Hapo mtu haambiwi atoe nini kanisani. Anaambiwa aipateje faida yenyewe. Biashara ya Mkristo ipo ili watu wahudumiwe na wafanyakazi wale jasho lao, na faida ndiyo inayoiwezesha kuendelea kufanya hivyo.

Historia ya Cadbury inaonyesha jinsi jambo hili lilivyo gumu hata kwa wacha Mungu. Richard na George Cadbury walikuwa waumini wa Marafiki, dhehebu ambalo leo lina wafuasi wengi magharibi mwa Kenya. Mwaka 1879 walikihamisha kiwanda chao cha chokoleti kutoka katikati ya Birmingham, Uingereza, hadi Bournville. Huko kikakua kijiji chenye nyumba bora na bustani, ambacho George alikikabidhi kwa wakfu mwaka 1900. Mwaka uliofuata kampuni ikapata habari kwamba kakao ya São Tomé, koloni la Ureno, ilivunwa na watu waliotolewa Angola na kutumikishwa kama watumwa. Ilituma mchunguzi mwaka 1905, ikaacha kununua mwaka 1909. Ilijitetea kuwa mnunuzi ndiye mwenye sauti ya kuibana Ureno. Hoja hiyo ina uzito, ila si wa miaka minane. Gazeti la Standard la huko Uingereza lilipoishutumu, kampuni ilishtaki na kushinda, lakini fidia iliyopewa ilikuwa robo ya peni. Naiona hiyo kuwa hukumu ya haki: bustani za Bournville hazikuweza kulipia jasho la São Tomé.

Mwanauchumi Milton Friedman aliandika mwaka 1970 kwamba meneja ameajiriwa na wenye mali, hivyo kazi yake ni kuwaongezea faida bila kuvunja sheria. Ni kweli kwamba hana ruhusa ya kujitafutia sifa kwa fedha za wengine. Lakini kumlipa mtu haki yake si kugawa fedha ya mwenye hisa. Fedha hiyo haikuwa yake tangu mwanzo. Tena sheria haitoshi kuwa kipimo: kwenye makaratasi ya Ureno, watu wale wa São Tomé walikuwa vibarua wa mkataba. Wengine watasema bila faida duka hufungwa na wafanyakazi hukosa vyote. Sawa, na Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Centesimus Annus wa 1991, aliikubali faida kuwa dalili ya biashara inayokwenda vizuri. Ila alionya kwamba hesabu zinaweza kukaa sawa huku watu wakidhalilishwa.

Kwa hiyo wachungaji na mapadre, kabla ya kumshangilia mfadhili kwenye harambee, ulizeni kama vibarua wake wamelipwa mwezi huu. Kama bado, mrudishieni hundi yake akawalipe kwanza.