Bodi ya Elimu na Sauti ya Mzazi

Tarehe 2 Novemba, 2010, wananchi wa visiwa vya Hawaii, nchini Marekani, walipiga kura juu ya jambo zito. Je, wajumbe wa Bodi ya Elimu ya jimbo waendelee kuchaguliwa na wananchi, kama yalivyoagiza mabadiliko ya katiba ya mwaka 1964, au wateuliwe na Gavana na kuidhinishwa na Seneti? Walio wengi waliafiki uteuzi.

Yawaje wananchi kuiachia haki yao kwa hiari? Jawabu limo katika shule zenyewe. Bodi moja tu husimamia shule za umma za visiwa vyote. Bodi hiyo ilichaguliwa na wananchi, lakini fedha zilikuwa mikononi mwa Baraza la Kutunga Sheria na Gavana. Katika mwaka wa masomo wa 2009–2010 fedha zilipungua, walimu wakapewa likizo bila ya malipo, na wanafunzi wakakosa masomo siku 17, nyingi zikiwa Ijumaa. Mzazi aliyetaka kujua wa kuulizwa ni nani aliwakuta wenye dhamana wengi. Wahenga walinena: manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Hata hivyo, hatuamini kwamba uteuzi peke yake ni dawa. Mwenye kuteua aweza kuteua wajuzi, na aweza kuteua wapambe. Watu wa jimbo la Alabama, walipoulizwa swali kama hilo mwezi Machi, 2020, walikataa kwa kura nyingi.

La kuzingatiwa zaidi ni sheria ya Hawaii ya mwaka 2011 iliyofuatia kura ile. Katika wajumbe tisa wenye kura, Oahu, penye wakazi wengi kuliko visiwa vingine vyote pamoja, ilipewa watatu. Kauai, Maui na kisiwa cha Hawaii, mmoja mmoja. Na watatu waliosalia waweza kutoka popote. Kisiwa kidogo hakikuachwa kitegemee huruma ya kikubwa.

Hapo pana funzo kwa viongozi wa visiwani kokote. Mwenye kuteua ajulikane na aulizwe. Mteuliwa awasikilize wazazi. Na kiti cha kisiwa kidogo kiandikwe katika sheria, kisibaki katika ahadi. Uteuzi usio na masharti hayo humnyima mzazi sauti. Na uchaguzi wa bodi isiyo na fedha humpa sauti isiyofika popote. Katika hali zote mbili, mwenye hasara ni mtoto.