Punguzo la kompyuta kwa wanavyuo: nani hulipata Bariadi?

Punguzo la elimu ni bei nafuu ambayo mtengenezaji au muuzaji wa kompyuta humwekea mwanafunzi, mhadhiri na mtumishi wa chuo, ilimradi athibitishe kuwa ni mwanachuo kweli. Si sadaka. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ilikubaliana na vyuo vikuu 24 vya Marekani, na katika Chuo Kikuu cha Drexel mjini Philadelphia kompyuta ya Macintosh, iliyokuwa ikiuzwa dola 2,495 madukani, ilipatikana kwa takriban dola 1,000. Muuzaji alijua anachofanya: mwanafunzi hana fedha leo, lakini akishaizoea mashine hiyo ataitaka tena atakapoajiriwa. Mpango wa namna hii husimama kwa mambo mawili. Muuzaji lazima amfahamu mnunuzi wa mwisho, na chuo lazima kiwe na njia ya kumtambulisha mtu wake.

Mkoani Simiyu yote mawili ni magumu. Mkoa wenyewe ulianzishwa mwaka 2012, na elimu ya juu ndiyo kwanza inaota mizizi: Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) kina kampasi Bariadi, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinahudumia wanafunzi wanaosomea majumbani, ambao kwao kompyuta ndiyo darasa. Lakini kompyuta inayofika Bariadi imepita mikono mingi. Mwagizaji yuko Dar es Salaam, muuzaji wa jumla yuko Kariakoo, mwingine yuko Mwanza, ndipo mzigo unapandishwa basi hadi Lamadi na kukata kuelekea Bariadi. Kila mkono unaongeza chake. Kiwandani hakuna anayejua kwamba mashine imeishia kwa mwanafunzi wa uhasibu Simiyu, na muuzaji wa mwisho, hata akioneshwa kitambulisho cha chuo, hana fungu la kupunguza zaidi ya faida yake mwenyewe. Anachoweza kutoa ni begi na kipanya.

Jicho huelekea serikalini. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki kompyuta hazitozwi ushuru wa forodha, kwa hiyo mzigo mkubwa wa kikodi unaobaki Tanzania Bara ni kodi ya ongezeko la thamani (VAT), ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Mashine yenye thamani ya shilingi 1,000,000 kabla ya kodi humfikia mnunuzi kwa 1,180,000. Ni rahisi kudai kwamba hizo 180,000 zisamehewe na mambo yaishe. Jambo linalofanana na hilo lilijaribiwa: Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili watu wengi zaidi wafikiwe na intaneti, na mwaka uliofuata msamaha huo ukafutwa. Bei madukani hazikuwa zimeshuka kama ilivyotarajiwa. Msamaha wa kodi hutolewa bandarini, na kati ya bandari na Bariadi kuna mifuko mingi ya kuudaka njiani.

Kenya ilipita njia nyingine. Kupitia mpango wa Wezesha, Bodi ya TEHAMA ya nchi hiyo ilimpa mwanafunzi wa chuo kikuu ruzuku ya takriban dola 120 ya kununulia kompyuta mpakato, kwa fedha za mradi wa Benki ya Dunia. Nguvu ya ruzuku ya aina hiyo ni kwamba imeandikwa jina la mwanafunzi, wala haingojei huruma ya mwagizaji. Udhaifu wake unajulikana pia: fedha za mradi zikiisha, mpango nao huisha.

Kuna suala la majira ambalo wapanga sera wa Dar es Salaam hulisahau kirahisi. Simiyu ni mkoa wa pamba. Fedha huingia nyumbani pamba inapouzwa katikati ya mwaka, na vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, wakati sehemu kubwa imekwishaenda kwenye madeni, chakula na ada za wadogo. Punguzo la wiki mbili la msimu wa kufungua vyuo linamkuta mzazi mkavu. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) naye anapata shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, na 200,000 kwa mwaka za vitabu na viandikwa. Bumu hilo likinunua kompyuta, kuna siku za kulala na njaa. Wapo wanaopendekeza bodi iongeze kifungu cha kompyuta kwenye mkopo. Ni wazo zuri, ila lisiitwe punguzo: ni deni linalokatwa asilimia 15 ya mshahara baadaye.

Ndiyo maana wengi huangukia kompyuta za mtumba zilizokwishatumika katika ofisi za Ulaya au Ghuba. Kwa kweli hilo ndilo punguzo halisi la elimu Simiyu, na si la kudharauliwa. Mashine imara ya ofisini, hata ikiwa na miaka sita, huizidi mpya ya bei ya chini. Hatari yake iko kwenye vitu vidogo. Betri inaonesha imejaa, kisha chaja ikichomolewa mashine inazima kabla mtu hajamaliza ukurasa mmoja. Windows imechakachuliwa na inadai leseni kwenye kona ya kioo. Risiti ya mashine ya kodi (EFD) haipo, na dhamana ni namba ya simu ya muuzaji.

Upande wa programu, punguzo limekwishafika hadi sifuri, na hapo lawama ni ya vyuo. Microsoft hutoa toleo la mtandaoni la Office bila malipo kwa taasisi za elimu zilizosajiliwa, kwa wanafunzi na watumishi wenye barua pepe ya chuo. Anuani inayoishia na ac.tz ni ufunguo wa milango mingi kama hiyo. Chuo kisichompa mwanafunzi anuani hiyo tangu wiki ya kwanza kinamnyima punguzo lisilokigharimu karibu chochote. Na pasipo intaneti ya uhakika, LibreOffice ni ya bure na haihitaji kujitambulisha.

Kwa mashine zenyewe, njia yenye matumaini zaidi ni vyuo kununua kwa pamoja: kukusanya mahitaji ya watumishi na wanafunzi wa kampasi kadhaa za Kanda ya Ziwa, kushindanisha waagizaji, na kuitangaza bei iliyofikiwa ili kila mtu aione. Watumishi wanaweza kulipa kwa makato kupitia SACCOS, mradi theluthi moja ya mshahara ibaki. Wanafunzi kwa awamu, ya kwanza ikiangukia msimu wa pamba. Mkataba utaje pia fundi aliye Mwanza au karibu zaidi, kwa sababu kompyuta inayosafirishwa Dar es Salaam kubadilishiwa kioo hula punguzo lote kwa nauli na siku za masomo zinazopotea. Wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria waingizwe tangu mwanzo. Wametawanyika Maswa, Meatu, Itilima na Busega, hawaonekani kwenye foleni ya kampasi, na orodha ikiandaliwa kwa kuhesabu waliopo darasani wao ndio watakaoachwa.