Sombe si Aibu

Siku hizi katika miji yetu, toka Bukavu hata Lubumbashi, wako wanaodhani kwamba mstaarabu ni mtu wa mkate mweupe na chai, na sombe ni chakula cha washamba. Sisi twakataa.

Mwili hautengenezi damu pasipo chuma. Unga mweupe umeondolewa ganda, na chuma kingi kimekwenda nalo. Tena chai inywewayo pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie mwilini. Lakini sombe na lengalenga zina chuma. Zikipikwa na ndagala, zikafuatwa na chungwa, chuma hicho huingia vizuri zaidi.

Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watoto 40 katika 100 walio chini ya miaka 5 duniani walipungukiwa damu. Kweli, malaria na minyoo nazo hupunguza damu; mgonjwa apelekwe kwa mganga. Lakini anayeuza ndagala zake ili anunue sukari na chai, je, hauzi damu ya watoto wake?

Enyi wazazi, chai na ingoje saa moja baada ya chakula. Sombe irudi mezani, bila haya.